Njia Isiyo na Reli: Kuisoma Congo Nile Trail Kuanzia Gisenyi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuhakiki vitu vyenye majalada. Tukiipokea riwaya tunauliza nani anasimulia, anamsimulia nani, jina la kitabu linaahidi nini na kurasa zinatoa nini. Katika insha hii ninataka kuuliza maswali hayohayo kuhusu kitu kisicho na jalada: njia ya kutembea na kuendesha baiskeli inayoanzia mjini kwetu Gisenyi, wilayani Rubavu, ikafuata ufuko wa Ziwa Kivu hadi Kamembe, wilayani Rusizi. Urefu wake ni kilomita 227, na jina lake rasmi ni Congo Nile Trail. Ina mwanzo na mwisho, imegawanywa katika hatua kama sura, na ina alama zinazomwelekeza msomaji wake. Kitu chenye sifa hizo kinahakikika.

Nina sababu ya kuichagua mada hii. Kila likizo ninaporudi nyumbani nasikia mjadala uleule. Wapo wanaosema njia yetu ni nzuri lakini haijakamilika, kwa kuwa haina lami. Mwenzangu mmoja wa darasani aliwahi kutuonyesha katika simu yake picha za njia za kijani za Ulaya na Marekani, zile zilizojengwa juu ya matuta ya reli zilizokufa: lami laini, miti pande zote mbili, wazee juu ya baiskeli, mama anasukuma kigari cha mtoto. Akasema, "Hii ndiyo sura tunayopaswa kufikia." Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa.

Dai langu ni tofauti kidogo. Lami si jambo kuu linaloitenga njia yetu na zile. Jambo kuu ni kwamba zile zilijengwa mahali ambapo watumiaji wa kwanza walikuwa wamekwisha kuondoka, na hii yetu imewekwa juu ya mapito ya watu ambao bado wanapita. Mhakiki asiyeiona tofauti hiyo ataisifu njia kwa sifa zisizo zake na kuilaumu kwa kasoro zisizo zake.

Tuanze na hizo za wenzetu, maana anayelinganisha lazima avijue vitu vyote viwili. Katikati ya karne ya 20 magari yaliwanyang'anya treni abiria na mizigo katika nchi nyingi zilizoendelea kiviwanda. Reli za matawi zikafungwa, vyuma vikang'olewa, yakabaki matuta marefu ya kokoto yanayokatiza mashamba na misitu. Huko Wisconsin, Marekani, tuta la reli kati ya Elroy na Sparta liligeuzwa njia ya baiskeli katika miaka ya 1960, na mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la aina yake nchini humo. Mwaka 1986 likaundwa shirika la Rails-to-Trails Conservancy kuendeleza kazi hiyo. Hispania ilianzisha mpango wake wa Vías Verdes, yaani njia za kijani, mwaka 1993. Leo mtu anaweza kuendesha baiskeli takriban kilomita 240 kutoka Pittsburgh hadi Cumberland akifuata mapito ya treni za zamani.

Siri ya njia hizo haimo katika lami, na nyingine hazina lami hata kidogo, zimemwagiwa changarawe iliyoshindiliwa. Siri yake ni mwinuko. Garimoshi ni mnyama mzito asiyependa vilima. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo wahandisi wa reli walilazimika kuchimba mahandaki, kukata milima na kujaza mabonde ili njia isipande zaidi ya mita mbili au tatu kwa kila mita mia. Walilipa gharama hiyo kwa ajili ya makaa, mbao na nafaka. Treni zilipoondoka, ulaini ule ukabaki kama urithi. Ndiyo maana mzee wa miaka sabini, mtoto wa miaka sita na mtu wa kiti cha magurudumu wote wanaweza kuitumia njia moja. Ukarimu wa njia za kijani ulilipiwa na watu ambao hawakuwa na nia ya ukarimu.

Sasa turudi nyumbani. Rwanda haina reli. Wajerumani walipanga kuitoa moja Tabora kuja upande wetu, wakati reli yao ya kati kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaukata mpango huo. Mradi wa reli ya kutoka Isaka, Tanzania, hadi Kigali umezungumzwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo sisi tunatamani njia za reli zilizokufa katika nchi ambayo reli haijapata kuzaliwa. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Mwenye reli ya kuizika na aizike na apande miti juu ya kaburi. Sisi hatuna maiti.

Hata kwa majirani zetu wenye reli hadithi haifanani na ile ya Wisconsin. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Njia yake inapita katikati ya Kibera, Nairobi, na kila asubuhi watu hutembea juu ya mataruma kwenda kazini, huku wachuuzi wamepanga bidhaa zao kando ya chuma. Treni ikija, wanasogea. Ikipita, wanarudi. Ukitaka njia ya miguu iliyozaliwa na reli katika Afrika Mashariki, hiyo hapo, lakini haikungoja treni ife na haikungoja mtu aipe jina. Mfano huo unatufundisha jambo moja: kwetu njia haiwi tupu. Kila mahali panapopitika, kuna mtu anayepapita.

Nikiwa na hoja hiyo mkononi naigeukia Congo Nile Trail yenyewe, na kama ada ya mhakiki naanza na jina. Jina hili linaita mito miwili mikubwa kuliko yote barani. Msingi wake ni wa kijiografia: safu ya milima inayopita magharibi mwa nchi yetu ndiyo inayoyagawa maji. Tone linaloanguka mashariki mwa safu hiyo huishia Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Mto Nile na Misri. Tone linaloanguka magharibi huingia Ziwa Kivu, likashuka na Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ni jambo la kustaajabisha, na kila mtoto wa shule nchini Rwanda angepaswa kuweza kulisimulia.

Lakini njia haipiti juu ya safu hiyo ya mgawanyo. Inafuata ziwa, chini, karibu muda wote upande wa Kongo. Anayeitembea kutoka mwanzo hadi mwisho haoni Mto Kongo wala Mto Nile, na maji yanayokwenda Misri hayamgusi unyayo. Anachokiona ni Kivu: ziwa lililo juu kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, lenye visiwa, migomba, kahawa na mitumbwi. Kwa hiyo jina linaahidi kitu kimoja na matini inatoa kingine. Katika riwaya tungesema mwandishi amechagua kichwa kwa ajili ya dirisha la duka la vitabu. Kongo na Nile ni majina yanayojulikana London na Chicago. Nyamyumba, Kinunu na Mugonero hayajulikani huko. Jina limeandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali, na hilo si dhambi, ila ni dalili ya kwanza ya swali letu: msimuliwa wa njia hii ni nani?

Dalili ya pili ni lugha. Alama nilizoziona kati ya Gisenyi na Kinunu zilibeba jina la Kiingereza. Wakazi wa vilima hivyo wanazungumza Kinyarwanda. Mji unakoanzia njia unazungumza pia Kiswahili kila siku, kwa sababu Goma iko hatua chache kutoka kwetu, na kwenye mpaka mdogo, ule tunaouita Petite Barrière, wanawake wenye nyanya, maziwa, unga na sambaza huvuka na kurudi kabla jua halijawa kali. Bila Kiswahili biashara ile ingekufa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Pamoja na hayo, njia inayoanzia katika mji wa Kiswahili, ikapita katika vijiji vya Kinyarwanda, haisemi na wenyeji wake kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Sisemi hivi kwa kukichukia Kiingereza. Mgeni anahitaji kuelekezwa, na kibao kinachomwelekeza ni kibao chema. Nasema tu kwamba kibao cha lugha moja kinamwambia mwenyeji kwamba maandishi yale hayamhusu.

Dalili ya tatu niliipata njiani. Julai iliyopita, katikati ya kiangazi, mimi na mwenzangu tulikodi baiskeli mbili mjini na kuendesha siku mbili hadi Kinunu. Siku ya kwanza tulipita Rubona, tukakiacha kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kisha barabara ya udongo ikaanza kupanda. Kuanzia hapo ni kupanda na kushuka bila kupumzika: kila kijito kinachoingia ziwani kimechonga bonde lake, na njia inalazimika kuingia katika kila bonde na kutoka. Mtu aliyezoea picha za njia za reli angeshangaa. Mimi nimezaliwa hapa na bado mapaja yaliniuma.

Katika kijiji kimoja watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Muzungu! Muzungu!" Mwenzangu ni mweusi kama mimi. Tuliwaambia kwa Kinyarwanda kwamba sisi ni watu wa Gisenyi. Mmoja akatazama helmeti, akatazama baiskeli zenye gia, akarudia neno lilelile kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kubishana na wakubwa wake. Sikuona ujinga katika jibu la mtoto yule. Niliona usomaji sahihi kabisa. Kwake neno lile halikutaja rangi ya ngozi. Lilitaja nafasi katika hadithi: mtu anayepita juu ya baiskeli bila kazi, mwenye kofia ngumu, anayepiga picha za mahali ambapo wengine wanalima. Njia imekwisha kuitengeneza nafasi hiyo, na yeyote anayeingia ndani yake anaitwa kwa jina lake. Nadharia ya msomaji anayekusudiwa, ambayo darasani ilitugharimu majuma mawili, mtoto yule alitueleza kwa neno moja.

Saa chache baadaye tulikutana na mama mmoja mtu mzima akipanda mlima na beseni kichwani. Alitusalimu kwa Kiswahili cha upande wa Goma, na baada ya salamu akauliza, "Kinga bila muzigo, munaipeleka wapi, batoto?" Kinga kwa Kiswahili chao ni baiskeli. Nikamjibu, "Tunatembea tu, mama." Akacheka, akatutakia safari njema, akaendelea na mlima wake. Swali lake limenikaa kichwani kuliko maelezo yote niliyosoma kuhusu njia hii. Katika milima yetu baiskeli ni mfanyakazi. Inabeba ndizi, viazi, magunia ya makaa na madumu ya maziwa. Mjini, wanyonzi wanabeba abiria kwa baiskeli kutoka asubuhi hadi giza. Na kuna ile ya mbao, igicugutu, ambayo Goma wanaiita chukudu na wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, kwa sababu imelilisha jiji zima. Mama yule hakutukejeli. Aliiona sentensi isiyo na kitendo, akauliza kitendo kiko wapi.

Hapa fasihi yetu wenyewe inaweza kutusaidia. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani waliosafiri bara na mbali zaidi. Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kasoro zake: masimulizi yalikusanywa na mtumishi wa dola la kikoloni, na misafara yenyewe haikuwa na mikono safi. Hata hivyo kuna jambo moja la kimtindo ambalo msafiri wa Kiswahili wa zama zile hakulisahau. Kila anapofika anataka kujua nchi hii ni ya nani, mkubwa wake ni nani, hongo yake ni kiasi gani, maji yako wapi na chakula kinauzwaje. Hakuna mahali patupu katika simulizi la namna hiyo. Msafara hauwezi kupita mahali bila kutambua kwamba mahali pana mwenyewe.

Linganisha na usemi wa ugunduzi ulioletwa na wageni wengine. Graf von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894, na vitabu vikaandika kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuliona. Sentensi hiyo ni kweli, lakini ikinyofolewa neno "Mzungu" inageuka uongo, na neno hilo limenyofolewa mara nyingi. Wavuvi walikuwamo ziwani tangu hapo. Matangazo ya utalii ya leo yamerithi kidogo usemi huo. Yanamwalika mtu "kugundua" ufuko ambao umelimwa hadi kwenye ukingo wa maji. Mimi ningependa njia yetu ijifunze kutoka kwa msafiri wa Kiswahili si silaha zake wala biashara zake, bali lile swali lake la kwanza: hapa ni kwa nani?

Nikifika hapo ndipo naweza kulijibu suala la lami, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Kwanza, lami tayari ipo. Barabara kuu ya lami ya kando ya Kivu inaunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na mahali kadhaa, hasa upande wa kusini, mtembea njia anajikuta juu yake. Barabara hiyo imefupisha safari ya mgonjwa kwenda hospitali na ya kahawa kwenda sokoni, na sitaki kusikia mtalii akiisikitikia. Kama kuna fedha za lami, na zianze na barabara inayobeba mgonjwa.

Pili, lami haitatupa kile tunachokitamani katika zile picha. Tulikwisha kuona kwamba ulaini wa njia za reli umetokana na mwinuko mdogo. Ukimwaga lami juu ya kilima cha Nyamyumba, kitabaki kilima, ila kitakuwa kilima cheusi. Mzee wa miaka sabini hatakipanda kwa sababu kimepakwa. Ili kumpa ulaini wa reli ungelazimika kukata milima kama walivyofanya wahandisi wa reli, na katika nchi ambayo kila kipande cha mteremko ni shamba la mtu, huwezi kukata mlima bila kukata chakula cha mtu.

Tatu, kuna maji. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliangusha milima na kufurisha mito katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 walifariki. Hapa Rubavu Mto Sebeya uliingia majumbani. Aisifuye mvua imemnyea, na sisi ilitunyea. Tangu hapo mtu wa kwetu hatazami barabara mpya bila kuuliza maji yake yataelekea wapi. Uso mgumu haunywi maji, unayasukuma. Lami ya mlimani bila mitaro mizuri ni mfereji unaoelekezwa kwenye nyumba ya jirani wa chini. Njia ya udongo nayo inaharibika, lakini inaharibika mbele ya macho ya watu wanaoitumia, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu haohao hushika majembe wakaizibua mifereji. Ukitaka kumjua mwandishi halisi wa Congo Nile Trail, usimtafute kwenye kibao. Yuko pale na jembe lake, anaandika upya sura moja kila mvua inapoifuta.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, hutaki watu wetu wapate angalau mahali pamoja pa kutembea palipo tambarare, pasipo hatari ya magari, penye kivuli? Nataka sana, na mahali hapo pako Gisenyi kwenyewe. Barabara ya ufukoni, kuanzia karibu na mpaka mkubwa hadi upande wa Rubona, kwa sehemu kubwa ni tambarare, ina lami, ina miti mikubwa, na ziwa liko mkono wa kulia ukitokea mpakani. Jioni utaona humo wanafunzi wenye madaftari, wachumba, wazee waliotoka kazini, vijana wa mazoezi. Giza likikaribia, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu hutoka kwenda kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na nyimbo za wapiga kasia husikika hadi barabarani. Hakuna aliyeipa barabara hiyo jina la Kiingereza la kuvutia. Lakini kama njia ya kijani maana yake ni mahali ambapo mkubwa na mdogo, mwenye nguvu na asiye na nguvu, wanaweza kupita pamoja bila kununua tiketi, basi tumekuwa nayo muda mrefu. Inachohitaji ni mambo madogo: viti, taa, upana wa kutosha kwa kiti cha magurudumu, na uhakika kwamba ua wa hoteli hautasimama kati ya mtembeaji na maji. Hapo ndipo ningeipeleka lami ya starehe.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa kazi ninayoihakiki. Congo Nile Trail ina mema yake, na si haba. Imewaleta wageni katika wilaya ambazo zamani walizipita kwa gari wakienda kuwaona sokwe wa Volkano au nyani wa Nyungwe. Imewafanya wakae siku kumi kwa miguu, au tano hivi kwa baiskeli, mahali ambapo gari lingemaliza kwa saa chache, na mtu anayekaa siku kumi lazima ale, alale na aongee. Pale Kinunu tulilala jirani na kituo cha kuoshea kahawa, na kijana aliyetupikia alituambia kwamba ada ya shule ya mdogo wake inatoka kwa wageni. Hilo ni jambo zito kuliko uhakiki wangu wote. Tena njia hii ina fadhila moja ambayo njia za reli hazina: haikutenganishwa na maisha. Katika njia nyingi za kijani za ng'ambo mtu hukutana na watembeaji wenzake tu. Katika yetu unakutana na harusi, mazishi, ng'ombe, fundi mwenye mlango mabegani, na watoto wanaotoka shule. Anayetaka utulivu atalalamika. Anayetaka nchi ataipata.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama matini, Congo Nile Trail ni kazi nzuri iliyosimuliwa kwa msimuliwa mmoja tu. Maudhui yake ni tajiri, mandhari yake sina haja ya kuyasifu, lakini msimulizi amempa mgeni kila kitu na kumwacha mwenyeji awe sehemu ya mandhari. Marekebisho yanayohitajika ni ya usimulizi kabla ya kuwa ya lami. Vibao viseme Kinyarwanda na Kiswahili pamoja na Kiingereza. Visiseme umbali tu, viseme pia kijiji hiki kinaitwaje, kijito hiki kinatoka mlima gani, kahawa hii inaoshwa na nani. Na sisi wenyeji tuitembee. Mtoto wa kile kijiji ataendelea kumwita mwendesha baiskeli "Muzungu" hadi siku atakapomwona mwalimu wake, dada yake au katekista wake akipita juu ya baiskeli siku ya Jumapili kwa sababu tu ya kulitazama ziwa.

Hapo ndipo ninapoliona jukumu letu sisi wa Kiswahili. Kuna maelezo mengi ya njia hii kwa Kiingereza na Kifaransa, yenye kilomita, bei za vitanda na ushauri kuhusu matairi. Kwa Kiswahili mimi sijakutana na simulizi hata moja la mtu aliyeitembea kutoka Gisenyi hadi Kamembe. Lugha ambayo zaidi ya karne moja iliyopita ilikuwa na utanzu wake wa safari, wenye kanuni na maswali yake, imenyamaza kuhusu njia inayoanzia kwenye mlango wake. Kazi hiyo haingoji bajeti ya wizara wala mkandarasi. Inahitaji daftari, viatu, siku kumi za kiangazi, na adabu ya kuuliza kila tunapofika: hapa ni kwa nani? Swali la mama yule nalo litakuwa limepata jibu. Baiskeli isiyo na mzigo ingekuwa imebeba kitu.